Mahame ya Jangwani: "Madam, na kwetu je?"

Najua nimepotea. Kuna waliouliza kama nimeolewa kimya kimya, hapana jamani, bado nipo nipo. Ni TP tu, yaani mazoezi ya kufundisha, na anayesoma ualimu anaelewa. Unaamka hosteli Mabibo saa kumi na moja alfajiri, unagombania mwendokasi pale Ubungo, kutwa nzima umesimama mbele ya watoto zaidi ya sitini, usiku unaandika andalio la somo la kesho, na bumu lenyewe limeshakata. Kublogu ungeblogu saa ngapi?

Leo sina umbea wa hosteli. Leo nina historia, tena ndefu kidogo, kwa hiyo chota maji ya kunywa, kaa vizuri.

Imeanza hivi. Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili kidato cha kwanza, shule moja huku mjini, karibu na Kariakoo. Wiki ile mada ilikuwa vyanzo vya historia, na mimi nikaandika ubaoni kwa mbwembwe zote: Bonde la Olduvai, Isimila, Engaruka, Kilwa Kisiwani, Kaole, Mji Mkongwe. Nikawaambia Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu, kwamba Wareno waliuvamia mwaka 1505, na kwamba UNESCO wameuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Watoto wananakili, mimi najiona profesa.

Basi mvulana mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono. "Madam, na kwetu je? Kwetu kulikuwa Jangwani, bondeni. Sasa hivi hamna kitu, nyasi tu." Darasa likacheka. Nikamjibu kama walimu tunavyojibu tukibanwa: "Maeneo ya kihistoria ni ya zamani." Akauliza, tena kwa adabu, "Zamani kuanzia lini, madam?"

Kengele ikaniokoa.

Lakini wapenzi wasomaji, usiku sikulala. Sababu ya kwanza, sikuwa na jibu. Sababu ya pili ndiyo mbaya zaidi. Mimi mwenyewe nimekulia bondeni pale pale Jangwani, nyumba ya bibi yangu. Watoto walipomcheka yule mwenzao, nilikaa kimya kama sihusiki.

Tuanze na hilo la "zamani kuanzia lini", maana kumbe jibu lipo, tena la kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inasema jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linahesabika kuwa la kale lenyewe kwa umri wake. La baada ya hapo linangoja litangazwe na waziri. Mwaka 1863! Sasa pigeni hesabu. Dar es Salaam yenyewe Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliijenga miaka hiyo hiyo ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Boma la Kale pale Sokoine Drive, ambalo ni kati ya majengo makongwe kabisa mjini hapa, lilijengwa 1866 hadi 1867. Maana yake hata Boma la Kale halikufikisha umri! Karibu jiji zima ni "la juzi" kwa mujibu wa hesabu hiyo. Mtoto wa watu aliuliza swali la maana, mimi nikajificha nyuma ya kengele.

Jumamosi nikavaa raba nikaingia mtaani. Nilisema nitatembea kwa miguu kutoka baharini mpaka Jangwani, nione mji wetu unatunza nini na unatupa nini.

Nikaanzia hapo Boma la Kale. Kuta nene za mawe ya matumbawe, dari la boriti za mikoko, mlango wa nakshi wa Kizanzibari. Limekarabatiwa vizuri, na tangu 2017 kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, unaona picha na ramani za mji ulivyokua. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho vitabu vya shule vinapita haraka: Dar es Salaam iliwahi kuwa mahame.

Mnalijua neno mahame? Ni mahali palipokaliwa na watu wakahama. Siyo lazima kuwe na magofu. Sultani Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na hamu na mji huu. Ujenzi ukasimama. Jumba la kifalme likaanza kubomoka, majani yakaota, wakabaki wakazi wachache na wavuvi na wakulima wa jirani. Biashara ya misafara ikaendelea kupita Bagamoyo. Ilikaa hivyo karibu miaka 17, mpaka kampuni ya Wajerumani ilipofungua kituo hapa mwaka 1887. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo, na safari hii Bagamoyo ndiyo ikaanza kudorora. Mji mmoja ukiinuka mwingine unakaa chini. Na kabla ya Bagamoyo kulikuwa na Kaole, kilomita chache tu pembeni yake, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi 22, nayo wenyewe waliiacha. Hata hapa kwetu Kunduchi yapo magofu ya msikiti na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina. Pwani yetu hii, ukiona mibuyu mikubwa imesimama peke yake, uliza nani alikuwa anakaa hapo.

Nikapanda Mtaa wa Samora mpaka Sanamu ya Askari. Kila mtu anapiga picha pale. Wachache wanajua kwamba hapo kwanza ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeivunja vita ya Abushiri. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 ikang'olewa, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, Ujerumani, mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho wakaiangusha na haikurudishwa tena. Wanafunzi kama sisi! Nilicheka peke yangu barabarani. Askari tunayemwona leo aliwekwa mwaka 1927 kukumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake yanawataja pia wapagazi. Lakini yeye mwenyewe kashika bunduki, hakubeba mzigo kichwani. Mpagazi hana sanamu.

Au tuseme anayo, ila kubwa kiasi kwamba hatuioni. Ni Kariakoo. Waingereza walipoingia, kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza chao Carrier Corps, kiliwekwa maeneo yale, penye jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga muda mfupi kabla ya vita. Waswahili wakalitamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Makadirio ya wanahistoria yanafika hadi wapagazi milioni moja upande wa Waingereza peke yake kwa vita nzima ya Afrika Mashariki, na wengi waliokufa hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, kuhara, malaria na uchovu. Leo ukisema "nashuka Kariakoo kununua viatu", unataja kambi yao bila kujua. Jina ndilo mnara wao.

Kwanza nikapita Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Jengo la mwanzo lilifunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, fikiria. Ndipo lilipo jina la fuvu la Zinjanthropus, aliloliona Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Yapo na magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Uani kuna kumbukumbu ya watu 11 waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Nilisimama pale muda mrefu. Lile tukio lilikuwa la mwaka 1998, siyo 1863, na bado wamelikumbuka, na wamefanya vizuri. Kwa hiyo inawezekana! Tukitaka, hata jambo la juzi linaingia makumbusho.

Kutoka pale ukielekea Kariakoo unavuka Mnazi Mmoja. Leo ni bustani na Mnara wa Mwenge wa Uhuru, lakini eneo lile liliachwa wazi na wakoloni ili litenganishe: huku Uhindini na Uzunguni, kule Uswahilini. Unatembea kwenye mpaka bila kujua. Ukivuka tu, Mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Halafu unaingia Kariakoo yenyewe, na hapo ndugu zangu shika pochi yako.

Jengo la soko lile lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na chini yake kuna sehemu ya shimoni. Tarehe 10 Julai 2021 usiku liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja mitaa hiyo hiyo likaporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Nayataja haya kwa sababu Kariakoo watu wanasema haina historia, ni biashara tu. Lakini angalia: zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele, ambazo ndizo zilikuwa Kariakoo, zinaondoka moja moja kila mwezi kupisha maghorofa. Bado zimebaki chache zimebanwa katikati kama meno ya mzee. Hakuna kibao.

Mwisho nikafika kwetu.

Jangwani ni jina la ajabu, jangwa linalofurika! Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, Kisarawe, unazunguka nusu ya jiji mpaka baharini pale Daraja la Selander, na mvua kubwa zikinyesha bonde letu ndilo sinia lake. Mashabiki wa Yanga wanajua, klabu ilianza mwaka 1935 na makao yake yako hapo, wenyewe wanaitwa watoto wa Jangwani. Viwanja vya Jangwani vimebeba mikutano mikubwa ya siasa. Agosti 2015 CCM na UKAWA wote walizindua kampeni zao pale ndani ya wiki moja. Ng'ambo ya bonde ni Magomeni, na nyumba aliyokaa Mwalimu siku za kudai uhuru sasa ni makumbusho. Kwa hiyo historia kubwa kubwa ipo kulia na kushoto. Katikati, bondeni, tulikuwepo sisi.

Desemba 2011 nilikuwa mdogo wa darasa la kwanza. Mvua ile ilisemwa kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954, na watu takriban 40 walikufa jijini. Nakumbuka nimekaa juu ya kabati, nakumbuka sauti za watu usiku. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Wengine walihama, wengine walirudi, kwa sababu Mabwepande ni mbali na wewe riziki yako ni mkokoteni wa Kariakoo. Bibi yangu alikuwa miongoni mwa waliorudi. Maji yalipokauka alichukua mkaa akachora mstari ukutani pale maji yalipofikia, akaniambia niandike mwaka, maana yeye kuandika ni kwa shida. Kila mafuriko yaliyofuata, mstari mwingine. Desemba 2015 zikaja alama za X kwa rangi nyekundu na nyumba nyingi za bondeni zikabomolewa. Yetu ilipona mara ile. Kisha ukaja mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, uliopitishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022. Watu wakathaminiwa, wakalipwa fidia, wakaondoka. Bibi na mama wakahamia Chanika.

Sisemi watu wasingehamishwa. Nimekaa juu ya kabati lile, najua. Nachosema ni kwamba nilisimama pale Jumamosi nikitafuta nyumba yetu ilipokuwa na nikashindwa. Mimi, niliyezaliwa pale! Nyasi, matope, taka za plastiki, kipande cha sakafu ya saruji ambacho kinaweza kuwa cha yeyote. Ukuta wenye mistari ya mkaa umeondoka. Kumbe ule ulikuwa waraka wa kihistoria, vipimo vya mafuriko vya miaka mingi vilivyoandikwa na mama mtu mzima kwa mkaa, na sikuupiga hata picha. Simu ninayo! Nilipiga picha chakula, nilipiga picha kucha zangu, ukuta sikuupiga.

Marekani, jimbo la California, kuna mji unaitwa Bodie. Dhahabu iliwavuta watu mpaka wakawa maelfu mnamo mwaka 1880, ilipopungua wakaondoka wakaacha nyumba, kanisa, shule na vyombo mezani. Tangu 1962 ni hifadhi ya jimbo. Hawaujengi upya na hawauachi uanguke, wanazuia tu usiharibike zaidi ya hapo, na watu wanasafiri mbali kwenda kuchungulia madirishani. Sidai Jangwani ifanywe hivyo, mto hauna subira hiyo. Lakini nikajiuliza, waliokaa Bodie walikuwa nani? Wachimbaji, mama ntilie wa kwao, walevi, watoto. Watu kama sisi.

Jumapili nikaenda Chanika. "Shikamoo bibi." "Marahaba mke mwenzangu, umekonda, huko chuo hamli?" Nikampa mkate, nikamweleza kisa cha yule mtoto. Akanyamaza, halafu akaniambia jambo ambalo miaka yote hii sikuwahi kumuuliza. Yeye ni mtu wa Rufiji, hilo nalijua. Sikujua kwamba alizaliwa bondeni kule vilevile, penye mashamba ya mpunga, na kwamba baada ya mafuriko ya mwaka 1968 ikaja Operesheni Rufiji, watu wakatolewa bondeni wakapelekwa vijiji vya juu. Alikuwa binti wa miaka kama 13. Miaka michache baadaye, kuanzia 1973, Operesheni Vijiji ikafanya hivyo karibu nchi nzima, na nchi nzima ikaachwa imejaa mahame.

"Kwa hiyo bibi umehamishwa na maji mara mbili?"

"Maji hayahamishi mtu, mke mwenzangu. Maji yanakuja na kuondoka. Watu ndio wanahamishana." Kisha akasema, "Kule kwetu ukipita mahame unajua, utaona miembe. Inazaa tu, na kila apitaye anaokota. Lakini lazima umwambie mtoto huu mwembe ni wa nani, asije akadhani umejiotea."

Nikatoa daftari. Tukakaa mkekani mpaka magharibi, yeye anasema mimi nachora. Nyumba yetu vyumba sita. Chumba cha kwanza kulia fundi cherehani. Cha pili mama wa vitumbua, aliyekuwa anaamsha mtaa mzima saa kumi kwa harufu ya iliki. Cha tatu vijana wawili wa mkokoteni. Kisima kilikuwa hapa, choo pale, mkungu huku, na nyumba ya jirani iliyokwenda na maji 2011 ilikuwa hapa. Bibi akakosoa mara nne. Kwenye ukuta wa ukumbini nikachora mistari na miaka, kadiri tulivyokumbuka wote wawili.

Jumatatu nikaingia darasani na ile karatasi. Nikawaambia ukweli: mimi natokea bondeni, kwetu kulikuwa huku, na wiki iliyopita mwenzenu alipochekwa nilinyamaza na nilikosea. Kimya kikawa kimya kweli. Nikamwita yule kijana mbele. Akaitazama ramani, akaweka kidole pembeni ya karatasi, nje ya mchoro. "Kwetu ni hapa, madam. Haujafika." Akachukua chaki, akaendeleza ubaoni.

Nikawapa kazi: kila mmoja amuulize mkubwa wake kuhusu mahali ambapo hapapo tena. Zimerudi za kila aina. Nyumba ya Kiswahili Mtaa wa Sikukuu, kizimba cha baba kilichoungua sokoni 2021, kijiji cha Tabora kilichohamwa 1974. Huo ndio mgodi wa vyanzo vya historia, na haukuhitaji nauli ya Kilwa.

Sasa kioja. Siku hiyo hiyo msimamizi wangu kutoka chuoni alikuja bila taarifa akakaa nyuma. Mwisho wa kipindi akaniandikia: "Somo halilingani na andalio." Ni kweli, halikulingana. Alama sijapewa bado, niombeeni. Lakini alipotoka nilimwona amesimama dakika nzima mbele ya ubao, anaangalia ile ramani.

Nawaachia nanyi kazi. Kama una mahame yako, iwe Kariakoo, Rufiji, Muscat au hata huko ughaibuni, usingoje waziri. Muulize bibi yako wiki hii, andika, halafu tupia hapo chini kwenye maoni. Na kama ulikaa Jangwani bondeni na unakumbuka kisima kilikuwa upande gani hasa, nisahihishe, maana bibi na mama mpaka leo wanabishana.

Tukutane tena bumu likitoka. Wasalaam.